"Nyumba zao mbake": ni nyumba zenye taa au nyumba za mawe?

Mwalimu wa Zamu

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Nafundisha fasihi katika shule ya sekondari, na muhula huu nimewasomesha wanafunzi wangu beti kadhaa za Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa cha pwani ya kaskazini ya Kenya, mshairi aliyeishi karne ya 18 na kufikia mwanzo wa karne ya 19. Maneno magumu ni mengi, lakini mengi yake yanafumbuka mtu akishazoea lahaja ya kaskazini: *ziwele* ni zimekuwa, *tame* ni mahame, *yakele* ni yamekaa, *iyu* ni juu, *nyuni* ni ndege. Neno moja tu limekataa kufumbuka, nalo ni *mbake*, ambalo mshairi amelitumia mara mbili mahali palepale pa mstari. Kwanza analitumia anapoeleza fahari ya matajiri wa Pate walipokuwa hai:

*Nyumba zao mbake zikinawiri*
*kwa taa za kowa na za sufuri*
*masiku yakele kama nahari*
*haiba na jaha iwazingiye*

Beti kadhaa baadaye, wenyewe wakiwa wamekwisha kuingia kaburini, analirudia:

*Nyumba zao mbake ziwele tame*
*makinda ya popo iyu wengeme*
*husikii hisi wala ukeme*

na mstari wa nne unatuonyesha vitanda vilivyotandwa na utando wa buibui.

Tafsiri ya Kiingereza ya Hichens, iliyochapishwa 1939, inasema ni majumba yenye taa, yaani neno linatokana na kuwaka kwa moto. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wangu alisema kuwa ni nyumba "nzuri" na akapita, nami nikapita naye. Mwaka huu mwanafunzi wa kike anayekaa mstari wa mbele ameniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwalimu, kama mbake ni zenye taa zinazowaka, mbona katika ubeti wa pili nyumba ni tupu, zimejaa popo, na bado zinaitwa zinazowaka?" Nilimwahidi kuwa nitaleta jibu Jumatatu. Naomba msaada wenu, na naomba hoja pamoja na jibu, kwa kuwa mtoto yule hatosheki na jibu tupu.

Mpenda Sarufi

Mwalimu, mwanafunzi wako ameshika penyewe. Nitaanza na umbo la neno kabla ya maana yake.

*Mbake* ni kivumishi kinachokubaliana na *nyumba* katika wingi. Tujiulize basi shina lake linaanza na sauti gani. Vivumishi vinavyoanza na irabu, vikifuata ngeli ya nyumba, huchukua *ny*: nyeupe, nyeusi, nyingi, nyembamba. Kama shina lingekuwa *-ake* tungetarajia "nyumba nyake". Sauti ya *mb* huja pale ambapo shina lina *w* ya asili inayokutana na king'ong'o, yaani sauti ya puani kama *m* au *n*: watu wawili lakini nyumba mbili, uwingu mmoja lakini mbingu nyingi. Kwa hiyo shina letu ni *-wake*, na kitenzi chake ni *-waka*.

Hapa ndipo njia inapogawanyika, kwa maana Kiswahili kina *waka* mbili. Ipo ile inayojulikana na kila mtu, ya moto na taa. Ipo nyingine ambayo leo inasikika kwa nadra, inayotamkwa *-aka* au *-waka*, yenye maana ya kujenga kwa mawe na chokaa. Kamusi za zamani zinayo, na hata asiyewahi kuisikia anatumia mtoto wake kila siku, kwa sababu *mwashi* ametoka humo. Kama vile kupika kunavyompata mpishi na kuandika kunavyompata mwandishi, ndivyo kuaka kunavyompata mwashi, na kazi yake ikaitwa uashi.

Sasa angalia irabu ya mwisho. Kiambishi *-e* kinapotundikwa kwenye shina la kitenzi, aghalabu humtaja aliyetendwa, wala si mtenda. Mtume ni aliyetumwa. Kiumbe ni kilichoumbwa. Mteule ni aliyeteuliwa. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa *mshindi* na *mshinde*: wa kwanza ndiye aliyeshinda, na wa pili ndiye aliyeshindwa, na tofauti yao yote imebebwa na irabu moja. Basi mwashi ndiye anayewaka, na nyumba *mbake* ni zilizowakwa, yaani zilizojengwa na waashi kwa mawe na chokaa. Kuwaka kwa taa ni kitenzi kisichopokea mtendwa. Taa inawaka yenyewe, haiwakwi, na nyumba ndiyo kabisa haiwakwi. Kwa kipimo hiki tafsiri ya "zenye taa" inayumba.

Mkaazi wa Amu

Ndugu Mpenda Sarufi amesema ya vitabuni, nami nitaongeza ya mtaani. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa chokaa hapa Amu, yaani Lamu, na katika mazungumzo yake nyumba zilikuwa za aina mbili tu: nyumba ya kukandika na nyumba ya kuwaka. Ya kukandika ni ya miti na udongo, iliyoezekwa makuti. Ya kuwaka ni ya mawe, na mtu akimwambia kuwa fulani "amejenga" alikuwa anauliza, "Amekandika au amewaka?" Sikuwahi kufikiri kuwa lile neno lake la kazini ndilo lililomo katika Inkishafi mpaka niliposoma swali hili.

Kwa wasiozijua nyumba hizi, nieleze kidogo, kwani bila ya kuziona ubeti unapungua nusu. Kuta hujengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, na mapambo ya ndani huchongwa kwa matumbawe laini ya baharini, ambayo hukatwa yakiwa mabichi kabla hayajawa magumu. Chokaa nayo hupatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo: magogo hupangwa mviringo, matumbawe huwekwa juu yake, moto hutiwa, na kinachobaki ni unga mweupe unaochanganywa na mchanga. Dari hulazwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, chumba huwa kirefu lakini chembamba, upana wa takriban mita 3. Ndani kabisa ya nyumba, katika chumba cha mwisho, ukuta mzima hujaa zidaka, yaani vishimo vilivyochongwa safu juu ya safu, ambamo viliwekwa vyombo vya kauri kutoka Uchina na vitu vingine vya thamani.

Zidaka hizo zimo katika ubeti unaofuata ule wa pili ulioutaja, Mwalimu:

*Madaka ya nyumba ya zisahani*
*sasa walaliye wana wa nyuni*

Wasomaji wa bara huniuliza daka ni nini, na wengine hudhani ni dirisha. Ni hayo matundu ya sahani. Zamani ilikaa sahani ya Kichina, sasa analala kinda la ndege. Mshairi hazungumzii nyumba kwa jumla jumla. Anaingia ndani ya nyumba ya mawe, anatazama dari walipongang'ania popo, anatazama kitanda, kisha anatazama ukuta wa zidaka. Nyumba ya kukandika haina zidaka. Kwa hiyo hata tungefunga kitabu cha sarufi, beti zenyewe zinatuambia ni nyumba za aina gani.

Tena si kila mtu aliruhusiwa kuwa na nyumba ya namna hiyo. Katika miji ya Pate na Amu, nyumba ya mawe ilikuwa alama ya uungwana na mali iliyokaa vizazi. Mshairi anaposema *nyumba zao mbake* anawataja matajiri kwa kutaja kuta zao. Niliwahi kufika Pate kwa jahazi, tukatembea katika magofu ya mji wa kale, ambako wenyeji wamelima tumbaku katikati ya kuta. Ukuta mmoja ulikuwa umesimama peke yake, hauna dari, na zidaka zake bado zimo, safu tatu, na katika kidaka cha chini mtu alikuwa ameanika majani ya tumbaku.

Msomaji wa Khati

Nimefurahia mjadala, ila naomba kupinga kidogo, kwa sababu naona hoja ya irabu ya mwisho imepewa uzito kuliko inavyoweza kubeba.

Utenzi huu ulitufikia kwa khati ya Kiarabu. Katika uandishi wa zamani wa Kiswahili, herufi ya *be* ilibeba *b*, *mb* na hata *p*, na msomaji ndiye aliyejua aitamkeje. Irabu nazo ni tatu tu: *fataha* kwa a, *dhuma* kwa u na o, na *kasra* kwa i na e. Kwa hiyo neno tunalolijadili, mbele ya macho ya mnakili, liliandikwa kwa alama ambazo zingeweza kusomwa "bake", "mbake", "mbaki", "pake" au "paki". Ndugu Mpenda Sarufi anajenga ghorofa juu ya tofauti ya i na e, ilhali karatasi yenyewe haitofautishi herufi hizo. Mshindi na mshinde, katika khati ile, ni neno moja.

Jambo la pili ni muktadha. Ubeti wa kwanza wote umejaa mwanga: *zikinawiri*, *taa*, usiku uliokuwa kama mchana. Je, si jambo la kawaida kwa mshairi kulikusanya kundi la maneno ya mwanga katika ubeti mmoja? Na katika ubeti wa pili, kuziita zile zile "nyumba zenye taa" wakati ziko gizani si kosa, ni kejeli. Kana kwamba anasema: zile nyumba zao zilizokuwa zikiwaka, hizi hapa, mnasemaje? Swali la mwanafunzi wako ni zuri, Mwalimu, lakini huenda jibu lake ni kwamba mshairi alikusudia hasa huo mgongano.

Mpenda Sarufi

Shekhe, hoja ya khati naikubali nusu. Ni kweli karatasi haiamui. Lakini utenzi huu haukukaa katika karatasi peke yake. Ulisomwa kwa sauti na kuhifadhiwa vifuani, na wasomaji wameupokea kwa matamshi ya *mbake*. Kama tutalisoma *mbaki*, tutapata umbo la mtenda, na nyumba haiwi mtenda wa uashi wala wa moto. Usomaji wenye *e* ndio pekee unaotupa neno lililo hai.

Kwa upande mwingine, niseme dhidi yangu mwenyewe kwamba *-e* haiko safi kama nilivyoichora. Uvimbe umetoka katika kuvimba, nacho ni kitenzi kisicho na mtendwa. Kwa hiyo mtu akisema *-wake* ni "-enye hali ya kuwaka", kama uvimbe ulivyo hali ya kuvimba, siwezi kumfukuza mlangoni. Nitamwambia tu kuwa mfano wake ni nomino moja, ilhali upande wangu una mtume, kiumbe, mteule na mshinde, ambao wote wanatembea na watu kila siku.

Kuhusu mwanga, naona kinyume chako. Kama *mbake* ingekuwa ni zenye kuwaka, mstari ungesema "nyumba zao zenye kuwaka zikiwaka kwa taa", na mshairi huyu ni bahili wa maneno. Mstari wake una mizani, yaani silabi, 11 tu, na kituo, yaani pumziko la ndani ya mstari, kipo baada ya mizani ya sita: *Nyumba zao mbake* | *zikinawiri*. Kipande cha kwanza kinataja kitu chenyewe, na cha pili kinataja hali yake. Katika ubeti wa pili kipande cha kwanza kimebaki vilevile, herufi kwa herufi, na kilichobadilika ni cha pili: *ziwele tame*. Jengo ni lilelile. Hali ndiyo iliyogeuka. Ikiwa *mbake* nayo ni hali, na hali yenyewe ni ya mwanga, basi mpango huu unavunjika.

Mgeni kutoka Bujumbura

Mimi si mtu wa pwani na Kiswahili changu nilikipata sokoni kabla ya kukipata shuleni, kwa hiyo mnisamehe nikivuka mpaka. Nilipoona mnabishana kuhusu *waka* mbili nilicheka, kwa sababu katika Kirundi hazichanganyiki kamwe. Kujenga ni *kwubaka*, na kwa jirani zetu wa Rwanda ni *kubaka*. Kuwaka kwa moto au taa ni *kwaka*. Lile la kujenga lina *b*, lile la moto halina. Je, jambo hili linasaidia, au ni sadfa tu?

Mpenda Sarufi

Linasaidia, ndugu yangu, na ahsante kwa kuvuka mpaka. Panapokaa *b* katika Kirundi, Kiswahili mara nyingi kina *w* au kimeiacha kabisa: abantu ni watu, babiri ni wawili, kubona ni kuona. Kwa hiyo *b* ya *kwubaka* inalingana vizuri na *w* ya *-waka* ya kujenga, inalingana pia na wale wanaotamka *-aka* wakiidondosha, na ikikutana na king'ong'o inarudi kuwa *mb* kama tulivyoona katika mbili. Kwa upande wa moto, Kirundi hakina *b*, jambo linaloonyesha kuwa *w* tunayoisikia katika "taa inawaka" huenda ilijitia baadaye kwa ulaini wa matamshi, na shina lisilo na *w* ya asili lingetupa *ny*, si *mb*. Wazulu nao husema *-akha* kwa kujenga, kwa hiyo kitenzi hiki ni cha kale sana miongoni mwa Wabantu, hakikuzaliwa pwani pamoja na chokaa. Kilichofanyika pwani ni kukifunga kwenye mawe tu, kwa kuwa udongo ulikuwa na kitenzi chake.

Hata hivyo, huu ni ushahidi wa pembeni. Mshairi wa Pate hakuwa akiwaza Kirundi.

Msomaji wa Khati

Hilo la Bujumbura limenisogeza, sitaki kuficha. Nakubali kuwa asili ya neno ni uashi. Lakini naomba nibaki na kipande changu kidogo: msikilizaji wa Pate aliyeketi barazani akisikia *mbake zikinawiri kwa taa* hakuwa na kamusi mkononi. Alikuwa na masikio, na masikioni mwake *waka* mbili zilikaa jirani. Mkaazi wa Amu ametueleza kuwa chokaa yenyewe huzaliwa motoni na kwamba kuta zake ni nyeupe. Ukuta mweupe uliosuguliwa, taa ikiwekwa mbele yake, unarudisha mwanga. Sidhani kuwa mshairi wa kiwango kile alilikuta neno lenye mlango wa pili asiugonge. Maana ya kwanza ni mawe. Mwanga ni mwangwi.

Mkaazi wa Amu

Kwa hilo nitakuunga mkono, ilmradi mawe yatangulie. Mjomba alikuwa akisema ukuta mzuri ni ule ambao "unaona uso wako kabla hujafika".

Mwalimu wa Zamu

Ahsanteni sana, ndugu zangu, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Jumatatu nilikwenda na haya yote darasani. Nilianza na mwashi na mpishi ubaoni, wakafika wenyewe kwenye *-wake* kabla sijasema, na yule binti wa mstari wa mbele akauliza kama "mahame" nayo ni ya ukoo wa mshinde, yaani mahali palipohamwa. Nikamwambia kuwa naona hivyo, naye akaandika.

Kisha nikawapa zoezi la kuuandika mstari ule kwa Kiswahili cha leo bila ya kuvunja mizani. Wengi walizidisha. Mmoja akaleta "Majumba yao ya mawe yamekuwa mahame", mizani 15, tukacheka pamoja naye. Yule binti akaleta huu: "Nyumba zao za mawe zimehamwa". Tumeuhesabu mara mbili, ni mizani 11 kamili. Nimeona niulete kwenu, kwa kuwa sijaona kasoro yake.

Mpenda Sarufi

Mpe hongera zangu. Mizani imetimia na maana imetimia. Kasoro ipo moja tu, nayo ni ya kituo: hesabu sita kutoka mwanzo uone unapoangukia. *Nyu-mba-za-o-za-ma*, kisha pumzi, halafu *we*. Jiwe limepasuka katikati. Kiswahili chetu cha leo kinahitaji "za mawe", silabi tatu, mahali ambapo mshairi alikuwa na silabi mbili tu, naye akazijaza kwa *mbake* na kituo kikakaa pake.

Mwalimu wa Zamu

Nimemwonyesha. Amesema atalirudisha *mbake* mahali pake na kuandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, "zilizowakwa na waashi".